Fedha za Ndani ya Seng'enge

Katika vitu vyote ambavyo wanadamu huvikusanya kwa mapenzi yao bila ya kusukumwa na haja ya tumbo wala ya mwili, fedha za kale zina fadhila moja ambayo kombe za baharini na mabawa ya vipepeo havina, nayo ni kwamba kila noti na kila sarafu imepita katika mkono wa mtu aliyeitamani, akaipata kwa jasho au kwa hila, kisha akaachana nayo kwa hiari au kwa shuruti. Miongoni mwa fedha hizo iko jamii moja ambayo kwa miaka mingi imeushika moyo wangu kuliko dhahabu ya masultani na fedha za Maria Theresa: ni hati ambazo dola kubwa zilizichapa makusudi kwa ajili ya askari wao waliokaa katika nchi za ugenini, zikawa na nguvu ya dola kamili ndani ya lango la kambi, na nje ya lango hilo, kwa mujibu wa sheria, zikawa karatasi tu.

Mapenzi hayo hayakuzaliwa ughaibuni. Katika mtaa wetu mjini Lindi alikaa mzee mmoja aliyepigana Burma katika vikosi vya Afrika Mashariki, naye alikuwa na sanduku la bati ambalo ndani yake, chini ya nishani na kofia iliyoliwa na nondo, mlikuwa na noti mbili alizozitunza kwa taadhima kubwa. Ya kwanza ilikuwa shilingi moja ya karatasi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, yenye sura ya Mfalme George wa Sita na tarehe ya 1 Januari 1943. Ya pili ilikuwa rupia ya Bara Hindi iliyopigwa juu yake maneno ya wino mwekundu, yakisema kuwa ni ya utawala wa kijeshi wa Burma, na kwamba ni halali katika Burma peke yake. Nilipomwuliza kwa nini hakuitumia ile rupia, alicheka akasema, "Mjukuu wangu, vita vilikwisha kabla sijapata cha kununua, na nilipovuka bahari ikawa haininunulii hata andazi." Mzee yule amekwisha kutangulia mbele ya haki, lakini jibu lake lilinifungulia mlango wa elimu ambayo sijaimaliza hata leo.

Basi ilipotokea kwamba mjomba wangu, ambaye ni mfanyabiashara wa korosho, alialikwa Vietnam na wanunuzi wake, nilimwomba niandamane naye. Wasomaji wa mikoa ya kusini hawahitaji kuelezwa uhusiano uliopo baina yetu na nchi hiyo, kwani sehemu kubwa ya korosho ghafi za Mtwara na Lindi hupakiwa melini zikaenda kubanguliwa katika viwanda vya huko, hasa katika eneo lililokuwa jimbo la Binh Phuoc. Mjomba alikwenda kutazama mashine na kujadiliana bei; mimi nilikwenda kutafuta karatasi. Alinitania njia nzima. "Mpwa wangu," alisema tulipokuwa tukiunganisha ndege katika Ghuba, "watu husafiri kutafuta fedha zinazonunua, wewe unazitafuta zilizokwisha kufa." Nikamjibu, "Mjomba, zilizo hai nimekuachia wewe."

Tulitua katika kiwanja cha Tan Son Nhat, katika mji ambao sasa huitwa Ho Chi Minh na ambao wenyeji wengi bado huuita Saigon. Msafiri wa leo hupita pale akishughulika na mizigo na muhuri wa pasipoti, wala hana sababu ya kukumbuka kwamba wakati wa vita mahali hapo palikuwa kituo kikubwa cha jeshi la Marekani, na kwamba askari kijana aliyeshuka hapo, kabla hajaijua vizuri harufu ya nchi, aliamriwa azitoe dola zote zilizokuwa mfukoni mwake na kupewa badala yake vikaratasi vya rangi, vilivyoandikwa kuwa ni vya kutumika katika vituo vya kijeshi vya Marekani tu, na kwa watu walioidhinishwa tu. Hata senti hazikuwa za madini, kwani senti 5, 10, 25 na 50 nazo zilikuwa noti ndogo za karatasi. Askari wenyewe walizifanyia mzaha wakaziita pesa za mchezo, lakini kwazo walinunua sabuni, bia na sigara katika maduka ya kambi, na kwazo walilipwa mshahara wa kuhatarisha roho zao.

Ili msomaji aifahamu asili ya jambo hili, hana budi kurudi nami Ulaya, mwisho wa Vita Vikuu vya Pili. Mataifa Shirika yalipoingia Italia mwaka 1943, na Ufaransa na Ujerumani mwaka uliofuata, yaliingia na fedha zao za kijeshi zilizokwisha kuchapwa: lira, faranga na maki. Maki za Ujerumani zilichapwa Marekani na kampuni ya Forbes iliyokuwa karibu na Boston. Na mwaka 1944, kwa sababu Wasovieti walikuwa washirika wa vita na walitaka kujichapia wenyewe, Wizara ya Fedha ya Marekani iliwapa nakala za vibao vya kuchapia. Ukarimu huo ulizaa balaa. Askari wa Kisovieti waliokuwa hawajalipwa muda mrefu walipewa marundo ya maki ambazo hawakuruhusiwa kurudi nazo kwao, nao wakazitoa bila ya kuhesabu sana ili wapate saa za mkono, viatu na sigara za Kimarekani. Mmarekani aliyeuza saa yake katika soko la magendo la Tiergarten, mjini Berlin, alichukua maki zile akazipeleka kwa mhazini wa jeshi lake, ambaye alimbadilishia maki 10 kwa dola moja na kuzituma dola hizo nyumbani kwa mama yake. Haukupita muda mrefu ikaonekana kwamba askari wa Berlin wanatuma kwao fedha nyingi kuliko jumla ya mishahara yao, na kwamba anayelipa tofauti hiyo ni hazina ya Marekani. Wakusanyaji wa leo huzitambua maki zilizochapwa na Wasovieti kwa alama ya kistari kinachotangulia namba ya noti. Kistari kidogo mno kwa jicho, lakini kiliigharimu serikali moja mamilioni ya dola.

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa kumtenga askari na fedha za nchi anayokaa. Waingereza walitangulia katika Agosti 1946 kwa kutoa vocha maalumu za majeshi yao, za peni na shilingi na pauni, na Wamarekani wakafuata tarehe 16 Septemba ya mwaka huo huo kwa hati zao za malipo za kijeshi, mfululizo wa namba 461. Hati hizo zilitumika Ujerumani, Austria, Italia, Japani, Korea na kwingineko, na hadi zilipokomeshwa mwaka 1973 ilikwisha kutolewa mifululizo 13, kwa kawaida kila mmoja ukiufuta ule uliotangulia. Kufuta huko ndiko kulikokuwa moyo wa hila yote. Kwa kuwa hapana sheria inayoweza kuzuia karatasi isipenye kwenye seng'enge, wakubwa wa jeshi waliamua kwamba karatasi itakayopenya ipewe umri mfupi, na siku ya kufa kwake isijulikane.

Vietnam iliingia katika mpango huo tarehe 31 Agosti 1965. Kabla ya siku hiyo askari walilipwa kwa dola halisi, na dola hizo zilimiminika mjini zikapandisha bei za vitu, zikawatajirisha walanguzi, na nyingine zikasafiri hadi Hong Kong na kwingineko, ambako hapana mtu aliyeweza kujua zimekwenda kumnunulia nani nini. Mfululizo wa 641 ukachukua nafasi ya dola. Tarehe 21 Oktoba 1968 ukaja wa 661, ulioleta kwa mara ya kwanza noti ya dola 20. Tarehe 11 Agosti 1969 ukaja wa 681, na tarehe 7 Oktoba 1970 wa 692, uliodumu mpaka tarehe 15 Machi 1973, majuma mawili kabla ya askari wa mwisho wa kupigana kuondoka.

Nikiwa na tarehe hizo kichwani nilikwenda, siku ya kwanza ambayo mjomba hakunihitaji, katika njia ya Le Cong Kieu, ambayo ni uchochoro mfupi karibu na Jumba la Sanaa, si mbali na soko la Ben Thanh. Pande zake mbili zimejaa maduka ya vitu vya kale, na msomaji aliyezizoea njia za Mji Mkongwe wa Unguja hataona ugeni: kauri za Kichina, taa za shaba, saa zisizokwenda, meza zenye lulu, na wenye maduka waliokaa mlangoni wakijipepea kwa utulivu wa watu wanaojua kwamba mteja atakuja mwenyewe. Nilifuatana na binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliyekubali kunifasiria. Tulioneshwa vitabu vya plastiki vilivyojaa noti za kila taifa, na humo, baina ya piasta za Indochina ya Kifaransa na dong za serikali ya Kusini iliyoanguka, nikaziona nilizozitafuta.

Hati za malipo zilichapwa kwa mashine ya litografia, wala hazikuchongwa kama dola, na kwa hiyo ukipitisha kidole juu yake huoni mwinuko wa wino. Badala yake watengenezaji walichanganya katika karatasi yenyewe vidoa vidogo vya rangi, ambavyo havikuchapwa juu bali vimo ndani ya unga wa karatasi, na mtu mwenye ncha ya sindano na subira anaweza kukitikisa kimoja akakiona kinabanduka. Noti bandia za leo, zinazochapwa kwa ajili ya watalii, vidoa vyake ni wino tu. Lakini hata wakati wa vita walikuwako waghushi, na kazi zao, kwa kuwa ziliwahi kumdanganya mtu aliyekuwa hai katika biashara iliyokuwa hai, nazo hukusanywa. Jambo la pili la kutazamwa ni namba: hati ya kawaida ina herufi mwanzoni na mwishoni mwa namba yake, ila hati iliyochapwa kuchukua nafasi ya iliyoharibika kiwandani haina herufi ya mwisho, na kwa upungufu huo wa herufi moja, watu wazima wenye akili zao hulipa bei mara nyingi zaidi.

Kwa sura, hati za kwanza zilikuwa kavu, za mistari na maua kama stakabadhi za bima, lakini za Vietnam zilipambwa. Katika mfululizo wa 681 senti 5 ina nyambizi na senti 10 ina mwanaanga anayeelea katika anga. Na katika wa 692, ambao kwa maoni yangu ndio mzuri kuliko wote, noti ya dola moja ina nyati wa Marekani, na zile za dola 10 na 20 zina nyuso za machifu wawili wa wenyeji wa asili wa nchi ile, Hollow Horn Bear na Ouray. Sijui ni nani aliyeamua kwamba nyuso za watu walioporwa ardhi kwa nguvu ya jeshi hilo hilo zipambe mshahara wa jeshi hilo katika nchi nyingine, lakini sikuweza kuishika noti ya Ouray bila ya kuitafakari.

Mwenye duka, ambaye alikuwa bibi wa makamo, aliona jinsi nilivyokuwa nikizigeuza noti, akamwuliza binti kama mimi ni Mmarekani. Alipoambiwa kuwa natoka Tanzania, nchi ya korosho, alicheka akavuta kiti. Ndipo aliponisimulia, kwa sentensi fupi ambazo binti alizifasiri moja moja, kwamba mama yake alikuwa dobi karibu na Bien Hoa, akiwafulia askari nguo kwa malipo ya hati hizo hizo ambazo sheria ilimkataza kuzishika. Askari hakuwa na fedha nyingine, na dobi hakuwa na mteja mwingine. Sheria ilikaa ofisini, na nguo chafu zilikuja kila siku. Asubuhi moja ya mwaka 1970 malango ya kambi hayakufunguliwa. Wafanyakazi wote waliambiwa warudi kwao, na kufikia jioni kila mtu alikwisha kujua kwamba askari wamepewa noti mpya na kwamba za zamani hazichukuliwi tena. "Mama alikuwa na malipo ya miezi mitatu katika kopo la biskuti," alisema. "Alilia siku moja, siku ya pili akaenda kufua." Baada ya 1975, alipoogopa kwamba vitu vya Wamarekani vingemletea mashaka, alilifukia kopo nyuma ya nyumba, na miaka mingi baadaye, wageni walipoanza kuziulizia karatasi zile, mwenye duka mwenyewe alilifukua. Noti ya nyambizi niliyonunua kwake ilitoka humo. Aliniambia bei, nami sikuipunguza.

Kisa hicho si cha ajabu wala si cha mtu mmoja. Siku ya mabadilishano ilipowadia, ambayo wakubwa waliificha mpaka dakika ya mwisho, malango yalifungwa kwa wakati mmoja nchini kote, askari walizuiwa kutoka, na kila mmoja alipanga mstari kubadilisha alichokuwa nacho. Nje ya seng'enge walisongamana wenye mabaa, madobi, makahaba, madereva na walanguzi, wakiwasihi askari waliowajua wawabadilishie, na wako waliokubali kwa urafiki, na wako waliozinunua noti za watu kwa sehemu ndogo ya thamani yake wakajipatia faida ya saa chache. Hesabu za serikali zilisema kwamba wanaopata hasara ni walanguzi, na kwa kweli walanguzi wakubwa walipata hasara. Lakini mlanguzi mkubwa aghalabu ana njia nyingi za kusikia habari mapema, na dobi hana hata moja. Wala magendo hayakukoma. Kiwango cha serikali cha mwaka 1966 kilikuwa dong 118 kwa dola, ilhali sokoni dola ilipata zaidi ya hapo kwa mbali, na maadamu pengo hilo lilikuwako, karatasi ilitafuta njia ya kutoka kama maji yanavyotafuta ufa wa mtungi.

Tulipokwenda Bien Hoa na mjomba, aliyetaka kuona bohari fulani, tulipita mahali palipokuwa Long Binh, kambi iliyokuwa kubwa kuliko zote za jeshi la nchi kavu la Marekani nchini humo, yenye makumi ya maelfu ya watu, maduka, sinema na mabwawa ya kuogelea. Leo ni viwanda, malori na vijana wa kike na wa kiume wenye sare wakiingia zamu kwa pikipiki. Mjomba, ambaye kazi yake imemfundisha kuitazama kila nchi kwa jicho la mizani, alitazama nje ya dirisha kwa muda kisha akasema kwamba sasa ameelewa kwa nini nafuata fedha zilizokufa: anayeuza korosho kwa ahadi ya karatasi, alisema, lazima ajue ni nani mwenye ufunguo wa lango. Nilimwambia kwamba maneno hayo yangefaa kubandikwa katika kila ghala la chama cha ushirika kutoka Masasi hadi Kilwa.

Sehemu nyingine niliyoitembelea ni soko la Dan Sinh, ambalo kwa nje ni la pampu, nyororo na glavu za kazi, na kwa ndani lina vibanda vya helmeti, chupa za maji za askari, vibati vya shingoni na viberiti vya Zippo, ambavyo vingi vyake vilizaliwa muda mrefu baada ya vita. Sikununua kitu, lakini sikujuta kwenda, maana katika kibanda kimoja niliona tofauti ninayotaka msomaji aishike. Kulikuwa na vocha za Kiingereza zilizoletwa na mtalii, mpya kabisa, zisizo na mkunjo. Vocha za namna hiyo ni rahisi kuzipata na bei yake ni ndogo, kwa kuwa marobota yake ambayo hayakutumika yaliuzwa kwa wakusanyaji. Hati za Kimarekani hazikwenda hivyo. Zilizorudishwa siku ya mabadilishano ziliharibiwa. Kwa hiyo ile iliyochakaa inayopatikana leo, ukiondoa chache ambazo askari waliziweka kuwa ukumbusho, ni ile ambayo haikuwahi kubadilishwa.

Wakusanyaji huipanga noti kwa uzuri wake, wakiisifu isiyo na mkunjo na kuidharau iliyochakaa. Mimi, baada ya safari hii, nashikilia kinyume chake katika jamii hii ya fedha. Hati safi ya malipo ya kijeshi inatueleza jinsi serikali ilivyofikiri. Hati iliyochakaa, yenye alama ya kidole na harufu ya kopo, ni deni ambalo mtu fulani hakulipwa, na mwenye deni hilo aghalabu alikuwa maskini aliyekwisha kufanya kazi yake. Kuimiliki ni halali, lakini kuimiliki bila ya kujua ilitoka kwa nani ni kuwa na ushahidi na kuuchoma ukurasa wenye jina la shahidi.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji, hasa wale ambao babu zao walikwenda Burma, Uhabeshi au Bukini wakiwa na sare ya Mfalme. Fungueni masanduku ya bati. Mkikuta noti msiyoijua, msiibandike gundi, msiipige pasi, wala msimpe mchuuzi wa kwanza atakayebisha hodi; itieni katika bahasha ya karatasi, na juu ya bahasha andikeni kwa kalamu ya risasi jina la aliyekuwa nayo, mahali alipoipata, na sababu iliyomfanya asiitumie. Wenye kuijua sababu hiyo wanazidi kupungua kila mwaka, na ikiwa haikuandikwa katika uhai wao, hapana mnada wala jumba la makumbusho litakaloweza kuirudisha.